Simu ikizima kati ya Wete na Tanga

SWALI: Shikamoo Nahodha. Navuka na mashua ya tanga kutoka Wete kwenda Tanga, njia naitazama kwenye simu. Msimu huu wa kusi, yaani upepo wa kusini, simu ilizima njiani. Nikashika magharibi kwa dira bila kuyumba, lakini nilipoiona nchi kavu nilikuwa Moa. Ilikuwaje? – Kijana wa Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Dira haikukudanganya. Omo, yaani mbele ya chombo, lilitazama magharibi kweli, ila maji yenyewe yalikuwa safarini. Wakati wa kusi mkondo wa pwani yetu hukaza kwenda kaskazini. Tuseme mkondo unakwenda maili 2 za bahari kwa saa, na mashua yako maili 5. Wete hadi Tanga ni kama maili 37, saa 7 na nusu hivi. Kwa muda huo umeshabebwa maili 15 kaskazini, na Moa ni pande hizo hizo.

Chukua ramani ya bahari, rula na bikari. Piga mstari Wete hadi Tanga. Kutoka Wete piga mwingine wa maili 2 kwenda kaskazini: huo ni mkondo wa saa moja. Fungua bikari maili 5, mguu mmoja usimame kwenye ncha ya mkondo, wa pili ukate mstari wa Tanga. Kutoka kwenye ncha ile hadi ulipokata ndiko omo litazame, nyuzi 246 hivi badala ya 270. Sindano ya dira pande zetu huvutika kidogo magharibi, kwa hiyo ongeza tofauti iliyoandikwa kwenye ramani. Maili zipime pembeni mwa ramani, dakika 1 ya latitudo ni maili 1.

Mwendo usiukisie kwa macho. Mtu wa omo atupe kipande cha kumbi la nazi, wewe kwenye usukani uhesabu sekunde mpaka kipite tezi, yaani nyuma ya chombo. Urefu wa chombo kwa mita gawa kwa sekunde, zidisha kwa 2: mita 10 kwa sekunde 4 ni maili 5. Rudia kila nusu saa, maana upepo haukai. Andika saa, uelekeo na mwendo, kisha utie nukta kwenye ramani. Mabaharia wengi hupotea kwa uvivu wa kuandika, na jambo hili linaniuma.

Katikati bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, haikusaidii, kina kinapita mita 700. Itayarishe unapokaribia miamba ya upande wa Tanga.

Tena usilenge mlango wa bandari wenyewe. Lenga kusini yake kidogo. Ukikosea upande huo, mkondo na upepo vitakushusha Tanga. Ukipitiliza kaskazini, utarudi kwa kubisha, yaani kwenda upande huu na huu dhidi ya upepo, siku nzima. Milima ya Usambara ikijitokeza, pima kwa dira vilele viwili vilivyomo kwenye ramani. Mistari yake inapokutana ndipo ulipo. Futa nukta ya makisio, uanze hesabu upya kutoka hapo.