Nilisamehe kwa Mdomo, Mwili Ukakataa

Juzi dada mmoja ameniandikia. Mumewe alimvunja mkono, na sasa mchungaji anamtaka amsamehe, yaani afute kesi na arudi nyumbani kabla ya Pasaka. Amesomewa neno la Yesu la kusamehe saba mara sabini. Ananiuliza, "Nikikataa, mimi bado ni Mkristo?"

Dada yangu, hapo ulipo nimepita. Nilikuwa na miaka 19 baba mdogo alipotupiga usiku, mimi na mama, akatutoa nje. Wiki hiyohiyo wazee wa kanisa wakaja kusuluhisha. Jumapili nikaitwa mbele, nikamkumbatia, vigelegele vikapigwa. Harufu ya shati lake ilinifuata hadi nyumbani, nikatapika. Kwa miaka mingi, mlango ukigongwa usiku nilitokwa jasho. Nikajiona mnafiki. Nikafunga, nikaomba, nikatubu dhambi ambayo ilikuwa yake.

Aliyenifungua macho ni Yusufu. Tunapenda kuhubiri Mwanzo 45, anapolia na kuwakumbatia ndugu zake, tukaziruka sura tatu zilizotangulia. Yeye ni mkubwa Misri, wao wana njaa, na bado hajitambulishi. Anasema nao kwa ukali. Anamfunga Simeoni. Anajitenga, analia, ananawa uso, anarudi. Anataka kujua kama hawa ni walewale waliomuuza. Yuda, ambaye ndiye aliyetoa shauri la kumuuza, anapojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini, mdogo wao, ndipo Yusufu anashindwa kujizuia. Hakuna aliyemharakisha!

Na Paulo, katika 2 Timotheo 4, anamwachia Bwana malipo ya Iskanda mfua shaba, aliyemtendea mabaya mengi, kisha papo hapo anamwonya Timotheo ajihadhari na mtu huyo.

Basi kesi iache iendelee. Kisasi ndicho tulichokatazwa, na hakimu halipizi kisasi chako. Kaa mahali ambapo mkono wake haukufikii. Hasira yako mpelekee Mungu bila kuipamba, kama watunzi wa Zaburi walivyofanya. Usikubali kuharakishwa.

Nanyi wachungaji, Zakayo, yule mtoza ushuru, alisimama mwenyewe akaahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mbona kwenu anayeitwa mbele ni aliyeumizwa tu? Mnawabebesha waliojeruhiwa mzigo wa waliowajeruhi, kisha mnauita upatanisho.

Baba mdogo hajawahi kuniomba radhi, na hilo bado linaniuma. Mwaka jana niliposikia anaumwa, nilipiga magoti nikamwombea kwa jina lake, na kwa mara ya kwanza nilitaka kweli apone. Sikwenda kumwona.