Muulize Fundi: Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini giza

SWALI: Fundi shikamoo. Niko huku Sakina, Arusha. Nimejikusanyia vifaa vya kompyuta mdogo mdogo, prosesa ni Ryzen 5 5600 mpya kabisa, mazabodi (bodi kuu) ya B450 kaniuzia mshkaji alikuwa anaitumia, ramu mbili za giga 8 na kadi ya picha ya GTX 1660 Super used imetoka Kariakoo. Nimeunga mwenyewe kwa kuangalia video. Nikiwasha feni zote zinazunguka na taa zinawaka ila skrini inaandika NO SIGNAL tu. Nimechomeka HDMI kwenye mazabodi, nimechomeka kwenye kadi, wapi! Fundi wa mtaani kaangalia kwa macho tu kasema kadi imekufa ninunue nyingine, na hela ndo sina. – Chalii wa Sakina

JIBU: Marahaba dogo. Hela ya kadi usianze kuitafuta, huyo fundi kakimbilia kifaa cha bei kubwa wakati hata kava hajafungua. Feni kuzunguka maana yake umeme unafika kwenye feni, basi, haikwambii prosesa imeamka au la.

Tundu la HDMI la kwenye mazabodi lisahau kabisa, Ryzen 5 5600 haina grafiki (sehemu ya kutengeneza picha) ndani yake, yenye nayo ni 5600G, kwa hiyo pale hata uchomeke mpaka kesho hupati picha. Chomeka kwenye kadi halafu bonyeza vitufe vya skrini uhakikishe imewekwa HDMI ileile uliyochomeka.

Waya sasa. Kadi yako inataka waya wake kutoka pawa saplai, kwa kawaida pini 8, na prosesa nayo ina wake wa pini 8 kule kona ya juu ya mazabodi, na hizi mbili zinafanana ila sio moja: ya prosesa inagawanyika 4 na 4, ya kadi 6 na 2. Ya prosesa ndo watu wanaisahau sana maana ukishafunga feni mkono hauingii vizuri kule, na ukiisahau kila kitu kinawaka kama kawaida ila picha hakuna.

Ramu chomoa zote, bakiza moja, kama bodi ina matundu manne weka la pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ubonyeze mpaka usikie ta! Wengi wanaogopa kukandamiza. Na bodi ni used na vumbi letu mnalijua, pitisha brashi kavu kwenye matundu kwanza.

Ila mimi namshuku mazabodi. B450 zilianza kutoka 2018, prosesa yako imetoka 2022, bayosi (programu ndogo ya kuamshia bodi) ya zamani haiijui kabisa prosesa hiyo na dalili yake ndo hiihii yako. Muulize mshkaji alikuwa anatumia prosesa gani na kama alishawahi kuapdeti bayosi, akikwambia Ryzen 5 2600 na hajawahi kugusa kitu, karibu umeshajijibu. Angalia pia kama bodi ina vitaa vidogo vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (kadi) na BOOT (kuanzisha mfumo), kinachoganda kikiwaka ndo kinakuonyesha imekwama wapi. Ikiganda VGA hapo nitaanza kumsikiliza fundi wako, na hata hapo kaijaribu kadi kwenye kompyuta ya mtu kabla hujatoa hela.

Kuapdeti: bodi nyingine zina kitufe cha kuflashi (kuandika upya) bayosi nyuma karibu na matundu ya USB, unashusha faili la modeli yako hasahasa kwenye tovuti ya waliotengeneza, unaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unalipatia jina kama kitabu cha bodi kinavyosema, unabonyeza, wala haihitaji prosesa kufanya kazi. Kama kitufe hakuna, azima prosesa ya zamani kwa huyohuyo mshkaji, apdeti, umrudishie. Tafuta UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya kuazima, umeme ukikata katikati ya kuflashi bodi inaweza kugeuka tofali, isiwake tena.

SWALI: Habari za kazi. Kijana wangu hapa Pasua, Moshi kaunga kompyuta ya Ryzen 5 7600 na ramu za DDR5, haina kadi. Kuwasha mara ya kwanza ikakaa giza tukaogopa tukazima, kila tukirudia ni hivyo. Imeungua? – Mama wa Pasua

JIBU: Nzuri mama, haijaungua hiyo, mnaiwahi kuizima. DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza bodi inajipima na ramu kwanza, na inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa giza totoro, mkizima katikati inaanza upya. HDMI chomekeni kwenye mazabodi, 7600 ina grafiki yake ndani. Washeni mkapike chai. Robo saa ikipita bado giza, zimeni, toeni ramu moja mjaribu na iliyobaki.