Upepo wa AC ukipungua kwenye gari la zamani, usianze na gesi

Gesi haisukumi upepo. Natangulia kusema hivyo kwa sababu joto la Dar likishaanza kuchoma, kuanzia Desemba hadi Machi, naona watu wanalipia gesi kwa ugonjwa ambao gesi haiutibu. Kompresa, kondensa na gesi yenyewe kazi yake ni kuleta baridi. Upepo unaokupiga usoni unatoka kwenye feni iliyofichwa ndani ya dashibodi, ile mafundi wanayoiita bloa. Kwa hiyo jiulize kwanza: hewa inayotoka ni ya moto, au ni ya baridi lakini haba?

Zima kitufe cha AC, acha feni peke yake, ipandishe hadi namba ya mwisho. Upepo ukiwa bado dhaifu, habari ya gesi weka pembeni. Fundi anayekimbilia kufunga geji za kupimia gesi kabla ya kufanya jaribio hili, mimi simwachii gari.

Magari mengi tunayotumia yaliundwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na mengi yana nafasi ya filta ya AC nyuma ya kile kiboksi cha dashibodi kilicho mbele ya abiria. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kuendesha gari miaka mingi bila kujua kuwa kuna filta hapo. Toa vitu vyako, bana kuta mbili za kiboksi kuelekea ndani ili kishuke chini, utakuta kifuniko chembamba cha plastiki. Kichomoe. Nimeshatoa filta zilizogeuka nyeusi, zimejaa majani ya mwarobaini na vumbi lililoshikana. Filta ya namna hiyo haioshwi ikarudishwa. Karatasi yake ikishalowa na kuharibika, nunua nyingine, na unapoifunga fuata mshale ulioandikwa ubavuni, unaonyesha hewa inaelekea wapi.

Wakati mwingine unafungua unakuta nafasi tupu. Ama gari lilikuja hivyo, ama kuna fundi aliitoa ili upepo uongezeke. Upepo huongezeka kweli, kwa muda. Kisha vumbi lote linakwenda kutua kwenye evaporeta, na hapo ndipo gharama inapoanza.

Evaporeta ni ile sehemu yenye vibati vyembamba vilivyopangana, hewa inapita katikati yake ipate ubaridi. Gari likifanya kazi, vibati hivyo ni baridi na vimelowa, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Vumbi la barabara za mitaani likigusa pale halitoki tena. Linajijenga tabaka juu ya tabaka, mpaka linakuwa kama blanketi lililotandikwa mbele ya feni. Bloa inanguruma, unasikia kabisa inazunguka kwa nguvu, lakini mkono ukiuweka kwenye tundu la hewa hakuna kitu. Mngurumo mkubwa na upepo mdogo: dalili hiyo ikiwepo, shuku filta au evaporeta kabla ya kushuku mota ya bloa.

Huna haja ya kushusha dashibodi nzima ili kuangalia. Bloa kwa kawaida imeshikwa na skrubu chache kwa chini, upande wa miguu ya abiria. Ikishatoka, ingiza simu yenye tochi upige picha. Ukichungulia, angalia na bloa yenyewe pia. Nimekuta majani na vipande vya karatasi ndani ya gurudumu lake. Uchafu wa kwenye evaporeta ukiwa wa wastani, povu maalumu la kusafishia AC linatosha, mradi bomba la kutolea maji chini ya gari liko wazi. Likiziba, maji yanarudi ndani, zulia la abiria linalowa na gari linaanza kunuka uvundo. Mashine ya kuoshea magari isisogezwe hapo, inakunja vibati na njia ya hewa inafungwa kabisa.

Uchafu ukiwa umegandamana, evaporeta lazima itoke. Hapo sisitiza gesi ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. R134a, ndiyo gesi ya AC iliyomo kwenye magari haya, huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Wakati wa kurudisha, mfumo ukaushwe kwanza kwa pampu ya kunyonya hewa, kisha gesi ipimwe kwa uzito ulioandikwa kwenye stika chini ya boneti. Kukadiria kwa kugusa bomba hakutoshi.

Kuna tatizo lingine linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Dada yangu alikuwa akisafiri kwenda Morogoro. Kutoka Dar upepo ulikuwa wa kutosha, lakini kadiri safari ilivyosonga ukawa unafifia, hadi wanakaribia Chalinze ulikuwa haumfikii aliyekaa nyuma, na feni iko namba ya mwisho. Wakasimama kula. Walipowasha tena, upepo ukarudi kama kawaida, na chini ya gari kulikuwa na dimbwi la maji. Aliponisimulia hivyo tu, nilijua ni barafu. Evaporeta ilikuwa inaganda njiani, barafu inaziba njia ya hewa; gari likisimama, inayeyuka. Tulipofungua tukakuta sensa ya joto, inayopaswa kuchomekwa kati ya vibati ili izime kompresa baridi inapozidi, inaning'inia pembeni. Aliyesafisha evaporeta kabla yetu hakuirudisha mahali pake. Tuliichomeka tu, na tatizo likaisha.

Kugandisha kunaweza pia kuletwa na gesi iliyopungua au filta iliyoziba. Ukihisi ni barafu, zima AC ukiwa safarini, acha feni iendelee kwa robo saa. Upepo ukirudi taratibu, umepata jibu.

Upande wa umeme, sikiliza namba za feni. Ikifanya kazi namba ya mwisho tu, na nyingine zote kimya, rezista, kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole, imekufa. Iko karibu na bloa, kwenye njia ya upepo, kwa sababu yenyewe hupata moto na inahitaji kupozwa. Ndiyo maana kubadilisha rezista peke yake mara nyingi hakudumu: upepo ukiwa haba au mota ikiwa nzito kuzunguka, mpya nayo itaungua. Zungusha gurudumu la bloa kwa kidole. Likigoma au kukwaruza, mota imechoka. Kagua na plagi ya waya. Plastiki iliyoyeyuka au rangi ya kahawia maana yake umeme unapotea hapo kama joto. Badilisha plagi, na kamwe usikubali fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, hiyo ni njia ya kuunguza gari.

Ukiona vipande vyeusi vya sponji vinaruka kutoka kwenye matundu, ni vya vilango vya ndani vinavyoelekeza hewa. Sponji yake imeoza kwa umri. Hewa inavujia miguuni au kwenye kioo badala ya kuja usoni.

Na jaribio la mwisho halina gharama. Ukiwa barabarani, shusha kioo cha nyuma kidogo. Upepo wa dashibodi ukiongezeka mara moja, hewa ya ndani imekosa pa kutokea. Kwenye magari mengi kuna vitundu vyenye vifuniko vya mpira nyuma, vilivyofichwa na bampa, vya kutolea hewa ya ndani. Gari lililogongwa nyuma na kunyooshwa mara nyingi vitundu hivyo vimezibwa kwa puti au rangi, na aliyepiga rangi hakujua kazi yake. Mwambie fundi wa bodi ashushe bampa avifungue.