Re: Tomcat inawaka kwa startup.bat, inagoma kama huduma ya Windows

Habari ndugu. Nilivyokuelewa, Tomcat 9 yako (seva ya programu za wavuti za Java) inawaka vizuri ukitumia faili la startup.bat, ila ukiianzisha kama huduma ya Windows (programu inayoendeshwa na Windows nyuma ya pazia) inazima papo hapo, na logi ya catalina (kumbukumbu kuu ya Tomcat) haina hata mstari mmoja wa kosa.

Achana na catalina kwanza. Kwenye folda ya logs tafuta faili linaloanza na commons-daemon; huduma ikifa kabla Java haijaamka, sababu huandikwa humo. Mimi hili lilinitesa siku mbili nzima. Kumbe Java ilisasishwa, folda ya zamani ikafutwa, na huduma bado inaitafuta jvm.dll (faili linaloendesha Java) palepale. Huduma haisomi setenv.bat wala JAVA_OPTS yako, yaani mipangilio ya Java inayosomwa na startup.bat! Mipangilio yake inakaa kwenye rejista ya Windows, unaibadilisha kwa tomcat9w.exe, kichupo cha Java. Hakikisha njia ya jvm.dll ipo kweli, na biti (32 au 64) za Java na Tomcat zinalingana.

Njia ikiwa sawa, angalia ruhusa: huenda huduma inaendeshwa na akaunti ya Local Service, si yako, nayo lazima iweze kuandika kwenye logs, temp na work. Ikigoma bado, bandika hapa mistari ya mwisho ya hiyo commons-daemon.