Kondakta wa kwaya, wa matatu na wa stima

Swali: Mhariri sasa? Naishi Umoja. Mwalimu wetu wa kwaya tunamuita kondakta, wa mathree pia ni kondakta, halafu fundi wa stima akaniambia eti shaba ni kondakta. Ni neno moja ama ni majina yamefanana tu?

Jibu: Poa sana msomaji wetu, ni neno moja kabisa. Lilitoka Kilatini, ducere ni kuongoza, na con ni pamoja, so kondakta ni yule anayewapeleka watu wakiwa pamoja. Wa kwaya anaongoza sauti zote ziingie wakati mmoja, na shaba inapitisha umeme, ingawa fedha, yaani silver, ndio inapitisha vizuri zaidi kushinda metali zote, sema ni ghali ndio maana nyaya za nyumba ni za shaba. Wa matatu naye watu humdharau bure, wanaona kazi yake ni kushika pesa na kubishana tu, na yeye ndiye anakuelekeza stage, anambishia dere asimame, anashusha mama na mizigo yake pole pole, huko ni kuongoza watu kabisa! Hata kile cheti cha mwenendo mwema tunachoombwa tukitafuta kazi, jina lake la Kiingereza tulilolizoea, Good Conduct, lina mzizi huohuo, maana mwenendo ni vile mtu anavyojiongoza.