Rolibaa ya kufunga kwa bolti: bomba nene haliokoi sakafu nyembamba

SWALI: Nimenunua rolibaa (upinde wa bomba la chuma unaokaa ndani ya gari kumlinda dereva likipinduka) ya kufunga kwa bolti kwa ajili ya gari langu dogo, pamoja na mikanda ya mbio ya pointi nne, yaani inayofungwa sehemu nne: mbili za mabega na mbili za kiunoni. Gari hilohilo naendea kazini, na siku za mapumziko naliingiza kwenye uwanja wa mbio. Bomba la rolibaa ni nene na zito kwelikweli. Fundi anasema washa pana (visahani vya chuma vinavyowekwa chini ya bolti) zinatosha kwenye sakafu, na mikanda ya mabega tuifunge kule chini, kwenye matundu ya mikanda ya abiria wa nyuma. Viti vitabaki vya kiwandani. Je, nitakuwa salama, au ni lazima rolibaa ichomelewe?

JIBU: Ndugu yangu, bolti zenyewe hazina kosa. Rolibaa ya bolti iliyofungwa ipasavyo inakubalika hata katika kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na uchomeleaji mbovu unaweza kukuacha pabaya kuliko bolti nzuri.

Kinachonikosesha subira ni hilo neno "bomba ni nene". Karibu kila anayeniuliza kuhusu rolibaa hulianza nalo, na karibu kila fundi wa njia ya mkato hulitumia kumtuliza mteja. Unene wa bomba una maana, lakini bomba mara nyingi silo linaloshindwa kwanza. Sakafu ya gari dogo ni bati la takriban milimita moja, pengine pungufu. Gari likipinduka, mzigo unaopokelewa na upinde wote hushukia kwenye miguu ya rolibaa. Mguu ukiwa umeegemea eneo dogo, utalitoboa bati na kuzama kama kisigino chembamba kwenye udongo laini. Baada ya ajali utalikuta bomba limenyooka vilevile, na paa limeshuka hadi kichwani kwa dereva.

Ndiyo maana kanuni za FIA, kwa kila mguu wa upinde mkuu (ule unaosimama nyuma ya dereva), zinadai bolti zisizopungua 3 za M8 (kipenyo cha milimita 8), daraja la uimara 8.8, na pleti ya chuma ya kuimarisha yenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la angalau sentimita za mraba 120, iliyochomelewa kwenye bodi ya gari. Kwa hiyo kuchomelea kupo, ila kazi hiyo inaihusu pleti. Sasa pima washa pana za fundi wako. Washa ya kipenyo cha sentimita 4 haifikishi eneo la sentimita za mraba 13. Weka tatu, bado hujafika hata theluthi ya kinachotakiwa, na kila moja inafanya kazi peke yake.

Mikanda ya mabega ndipo nilipotaka kumshika mkono fundi huyo nimzuie. Gari likigonga, mwili unakwenda mbele na mkanda unaukaza. Mkanda ukitoka begani kwenda chini kwa mteremko mkali, sehemu kubwa ya nguvu hiyo inakandamiza mabega kuelekea chini, na uti wa mgongo ndio unaobebeshwa. Mtu wa kilo 75 katika kishindo cha g 20 (mara 20 ya uzito wake) anavuta kama tani moja na nusu. FIA inataka mkanda, kuanzia ukingo wa juu wa mgongo wa kiti, usishuke kwa pembe inayozidi digrii 45, na inapendekeza usizidi digrii 10. Mahali pake ni bomba la mlalo kwenye rolibaa yenyewe, kwenye usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kama rolibaa yako haina bomba hilo, hiyo si ya kufungia mikanda ya mbio.

Pointi nne nazo zina ila yake: mikanda ya mabega ikikazwa huuvuta ule wa kiunoni juu hadi tumboni, nyonga zinateleza chini yake, na viungo vya ndani ndivyo vinavyopokea kishindo. Mkanda wa kupita katikati ya mapaja upo kwa sababu hiyo. Kiti cha kiwandani hakina tundu la kuupitisha, wala nafasi za kuelekeza mikanda ya mabega isiporomoke, na mgongo wake wa kulaza haukuundwa kwa mizigo hii.

Lakini hata ukiyarekebisha yote hayo, linalonitia hofu zaidi ni safari za kazini. Rolibaa imebuniwa kwa mtu aliyevaa helmeti, akabanwa barabara kwenye kiti cha mbio. Barabarani unakaa kichwa wazi, karibu na bomba la chuma, umefunga mkanda wa kawaida unaoruhusu mwili kuyumba. Ukigongwa ubavuni, au kwa nyuma mgongo wa kiti ukalala, fuvu linakutana na chuma katika ajali ambayo pengine ungeshuka na maumivu ya shingo tu. Sponji laini ya kufunikia mabomba ya maji haisaidii kitu. Tafuta sponji ngumu yenye alama ya FIA 8857-2001. Na usipakie mtu nyuma, hasa mtoto. Bomba linapita mbele ya uso wake.

Wapo pia wanaouza mikanda ya mbio peke yake, bila rolibaa, eti ni hatua ya kwanza. Mkanda wa namna hiyo unakushikilia wima huku paa likishuka. Wengine wanauza mapinde ya kung'aa yaliyokunjwa kwa bomba la ekzosi, wakayaita kinga. FIA kwa upinde mkuu inataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2. Muuzaji asiyeweza kukueleza bomba lake ni la chuma gani, mwachie bidhaa yake.

Kwa gari lako: acha mikanda ya kiwandani ifanye kazi barabarani, na rolibaa itoke kabisa ukimaliza uwanjani. Mikanda ya mbio isubiri kiti chake. Pleti zichomelewe kwanza, baada ya kukwangua kutu yote chini ya zulia, na kabla ya kutoboa chochote ingia chini ya gari uone paipu za breki na za mafuta zinapita wapi.