Sinki kubwa la uso wazi: linunue kabla ya kaunta

Ukitaka sinki la uso wazi, lile pana lenye kina ambalo ukuta wake wa mbele unaonekana badala ya kufichwa ndani ya kabati, linunue kabla fundi hajaweka tofali la kwanza la kaunta. Liwe ndani ya nyumba yako, umelipima kwa mkono wako. Kila anayekuja kwangu hapa Uyole, Mbeya, akalitamani langu namwambia hivyo hivyo, na wengi huona nawachelewesha. Lakini masinki haya mara nyingi ni ya kauri; kauri ni udongo, na udongo ukiingia tanuruni husinyaa. Masinki mawili ya muundo mmoja, ya kiwanda kimoja, yanaweza kupishana kwa milimita kadhaa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kukadiria tu. Fundi akimwaga zege kwa kuifuata, utaishia kuita mtu wa grainda, jiko zima lijae vumbi.

Je, gharama na usumbufu wote huo una faida? Kwangu mimi, sana. Jikoni kwetu Nyanda za Juu Kusini tunaosha vitu vikubwa: viazi vilivyotoka shambani na udongo wake, ndizi za Tukuyu, masufuria ya ubwabwa wageni wakija. Kwenye sinki la mabakuli mawili madogo sufuria kubwa hulala ubavu na maji yanakurukia kifuani. Masinki haya yalianzia Uingereza na Ireland, enzi za kuchota maji na kuyabeba, ndiyo maana yalitengenezwa yabebe mengi kwa mara moja. Siku za mgao utalishukuru. Ile aina inayoitwa Belfast ina tundu karibu na ukingo wa juu la kupitishia maji yanayozidi; ukikuta lenye tundu hilo, chukua hilo. Maji yakikatika mchana, mtoto akaacha koki wazi na kizibo kikiwa mahali pake, yakirudi usiku yataishia kwenye bomba la maji machafu badala ya sebuleni.

Kuhusu kauri au stenlesi, mimi nilichagua kauri kwa sababu napenda inavyong'aa na haina kelele vyombo vikigongana. Ila kikombe kikikuponyoka humo, kimekwisha. Stenlesi ni nyepesi, bei yake kwa kawaida ni nafuu, na haivunji vyombo. Ukiamua stenlesi, uliza geji, yaani namba ya unene wa bati, na kumbuka namba inakwenda kinyume: geji 16 ni nene kuliko geji 18. Nenda na sumaku pia. Stenlesi ya daraja la 304, yenye kromi na nikeli, kwa kawaida haiivuti sumaku, au huivuta kidogo kwenye kona zilizokunjwa. Sumaku ikinata kwa nguvu katikati ya sinki, hiyo karibu hakika si 304, hata muuzaji aape.

Kauri ikaguliwe kabla pesa haijatoka mkononi. Iwe umeinunua soko la Mwanjelwa au imeletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, imeshapita kona na matuta mengi, mlima Kitonga ukiwemo. Fungua boksi mbele ya aliyeileta. Ligonge sinki kwa kifundo cha kidole pande zote nne na chini. Lililo zima hutoa mlio mkali unaodumu kidogo. Lenye ufa hutoa mlio mfupi, uliokufa. Kisha laza rula ndefu juu ya ukingo uangalie mwanga unaopita chini yake. Kupinda kidogo ni kawaida ya kauri, lakini kidole kikipita, rudisha.

Sasa uzito, na hapa ndipo ninapowaomba msikubaliane na fundi kirahisi. Sinki la kauri la upana wa sentimita 75 hivi linaweza kufika kilo 50. Ndani yake, ukichukua urefu wa sentimita 70, upana 40 na kina 22, linaingia maji ya lita 61 na zaidi. Ongeza masufuria: una zaidi ya kilo 110 zimesimama sehemu moja, kila siku. Kulining'iniza kwa silikoni kwenye granaiti ni kulitafutia ajali. Kabati la mbao za paini za Mafinga linaweza kubeba likijengwa kwa boriti nene zilizokauka vizuri, lakini chini ya sinki maji hayakosekani na mvua zetu ni ndefu. Mbao itavimba, kisha itaoza. Fundi wangu aliponiambia, "Mama, mbao hizi ni ngumu, hazina shida," nilimjibu, "Fundi, naomba unijengee tofali." Kuta mbili fupi, kushoto na kulia, juu yake kibamba cha zege chenye nondo, na tundu liachwe tangu mwanzo pa kupitishia bomba. Milango ya mbao inakuja baadaye, kwa mapambo.

Kimo cha kibamba hicho kitokane na mgongo wa anayeosha vyombo. Kaunta ikiwa sentimita 90 na sinki lina kina cha 25, mikono yako inafanya kazi kwenye 65 kutoka sakafuni. Mtu mrefu atainama mpaka kiuno kiume. Simama umevaa viatu vya nyumbani, ning'iniza mikono: ncha za vidole ziguse kitako cha sinki kwa ndani bila kuinama. Kama hazifiki, pandisha kibamba au chukua sinki lenye kina kidogo.

Uso wa mbele utokeze sentimita moja au mbili nje ya milango, ili matone yadondoke sakafuni, yasitiririke kwenye mbao. Na kaunta ifunike ukingo wa sinki kidogo, milimita chache tu, ukifuta meza maji yaingie ndani moja kwa moja. Pale kaunta inapokutana na sinki msikubali saruji nyeupe. Saruji haina mnyumbuko. Sinki likijaa maji likasogea hata kidogo, ufa unatokea na uchafu unaingia. Weka silikoni ya jikoni na bafuni isiyoshika ukungu, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai ipewe muda zaidi ya ule ulioandikwa kwenye mrija.

Kwenye bomba, kauri ni nene, hivyo shingo ya tundu la kutolea maji iliyotengenezwa kwa sinki la stenlesi mara nyingi huwa fupi na nati haishiki. Nenda dukani na kipimo cha unene. Nati ikazwe kwa mkono kisha robo mzunguko tu. Kauri hupasuka kwa kukazwa kupita kiasi. Chini yake iwekwe trapu, ile kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu, inayofunguka kwa mkono, maana udongo wa viazi hutulia humo na utaisafisha mara kwa mara. Bomba la inchi moja na nusu literemke sentimita 2 kwa kila mita mpaka chemba ya nje. Mafuta ndiyo adui mkubwa zaidi huku kwetu: asubuhi ya Julai mafuta ya ng'ombe yanaganda kabla hayajatoka nje ya ukuta. Futa sufuria kwa karatasi kwanza, ndipo uioshe. Na maji yaliyochemka usiyamwage kwenye kauri yenye baridi ya usiku. Fungulia koki yakutane na ya baridi.

Siku ya kukabidhiwa kazi, ziba tundu, jaza sinki mpaka juu, mwache fundi anywe chai. Kisha vuta kizibo maji yote yashuke kwa pamoja, huku unapitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo chini. Tone lisiloonekana kwa macho karatasi hulionyesha hapo hapo. Karatasi ikitoka kavu, mpe fundi salio lake.